Cheni Iliyovuliwa Kava

Mwaka 2023 Ujerumani iliuza baiskeli za umeme milioni 2.1, zaidi ya nusu ya baiskeli zote zilizouzwa nchini humo mwaka ule. Pamoja na wingi huo imekuja lawama ambayo kila fundi wa huko anaijua: cheni haidumu. Mwenye baiskeli anairudisha karakana, mara nyingi kabla haijatimiza kilomita 3,000. Gea zinaruka, meno ya spoketi za nyuma yamechongoka kama ya papa, na anaambiwa vyote vitoke pamoja, kwa sababu cheni mpya haikai juu ya meno yaliyokwisha. Akiuliza kisa, jibu liko tayari: mota. Mota ina nguvu za farasi, cheni ni ile ile ya jana, itahimili vipi? Jibu hilo linaingia akilini upesi mno, na hapo ndipo pa kulitilia shaka. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na katika habari za baiskeli mota ndiyo mgeni. Ukiifuata cheni tangu ilikotoka, utakuta kwamba maradhi yake yalijulikana, na dawa yake ikabuniwa na kuuzwa madukani, miaka mia moja hivi kabla mota za leo hazijaanza kuzisaidia pedali. Dawa yenyewe ilikuwa kava. Baadaye kava likavuliwa kwa sababu zilizoonekana nzuri wakati ule, na mota ilipofika iliikuta cheni iko uchi.

Baiskeli haikuzaliwa na cheni. Ile ya miaka ya 1870, yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, ilikuwa na pedali zilizofungwa kwenye ekseli ya gurudumu la mbele lenyewe. Aliyetaka mwendo zaidi alinunua gurudumu kubwa zaidi, mpaka urefu wa miguu yake ukamwambia basi. Cheni wakati huo ilikuwa kitu cha viwandani. James Slater wa Salford, ng'ambo ya mto tu kutoka Manchester, aliipatia hataza cheni yake ya kuendeshea mitambo mwaka 1864, na mwaka 1879 karakana yake ikanunuliwa na Mswisi mmoja kijana, Hans Renold, mzaliwa wa Aarau. Mwaka uliofuata Renold akatoa cheni ambayo, kwa umbo lake la msingi, ndiyo iliyo kwenye baiskeli na pikipiki hadi leo. Katika cheni zilizotangulia, mabamba ya ubavuni yalizunguka juu ya pini moja kwa moja, kwa hiyo mzigo wote ukakaa kwenye ukingo mwembamba wa bamba, na ukingo ukaila pini kama kamba inavyoula mdomo wa kisima. Renold alipachika bushi, kijibomba kifupi cha chuma, kati ya mabamba mawili ya ndani. Pini ikawa inazunguka ndani ya bushi kwa upana wake wote, na rola ikavaliwa juu ya bushi ili iviringike kwenye jino badala ya kusugua. Ni wazo dogo kiasi cha kutia aibu kwamba lilichelewa. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa Rover, baiskeli ya magurudumu yanayokaribiana ukubwa, ambayo mwendo wake ulitokana na hesabu ya meno mbele na nyuma na si ukubwa wa gurudumu. Bila cheni ya kutegemewa, baiskeli hiyo isingekwenda popote.

Sasa tuangalie ndani ya kiungo kimoja, kwa sababu ubishi wote umejificha humo. Watu husema cheni imevutika, kana kwamba chuma kimenyooka kama mpira. Hakinyooki. Cheni ya baiskeli ina viungo vya milimita 12.7, yaani nusu inchi, kutoka pini hadi pini. Cheni ya viungo 116 ina urefu wa milimita 1,473. Mafundi huihesabu kuwa imeanza kuchoka inaporefuka kwa nusu ya asilimia moja, na nusu hiyo kwa cheni nzima ni kama milimita 7. Zigawe milimita hizo kwa viungo 116 upate 0.06: unene wa unywele mmoja. Huo ndio uchakavu wote. Unywele wa chuma umelika mahali pini inapokutana na bushi, mahali ambapo jicho halifiki na brashi haiingii. Lakini meno ya spoketi yako palepale, nusu inchi hadi nusu inchi, hayajarefuka. Cheni iliyorefuka hailali tena kwenye mabonde ya meno. Inapanda juu kuelekea ncha, mzigo uliokuwa ukigawanywa kwa meno mengi unaangukia machache, na jino linapindwa polepole kuwa ndoano. Ndiyo maana fundi mwenye busara hubadilisha cheni mapema ili aokoe spoketi, ambazo bei yake siku hizi yaweza kuwa mara kadhaa ya bei ya cheni.

Ni kitu gani kinachokula unywele huo? Ukiipangusa cheni iliyofanya kazi, vidoleni unabaki na uji mweusi. Weusi huo kwa sehemu kubwa ni chuma chenyewe kilichosagwa, na msagaji ni mchanga. Chembe ya kwazi, ile inayong'aa katika mchanga wa barabara yoyote duniani, ni ngumu kuliko chuma kigumu cha pini nyingi za cheni. Mafuta, ambayo kila mtu huyaona kuwa rafiki wa cheni, ndiyo yanayoibeba chembe hiyo na kuiingiza ndani. Jobst Brandt, mhandisi wa Marekani aliyeandika kitabu kinachoheshimiwa sana juu ya gurudumu la baiskeli, alishikilia miaka yote kwamba karibu uchakavu wote wa cheni unatokana na uchafu wa barabarani unaoingia humo pamoja na mafuta pale cheni chafu inapotiwa mafuta bila kusafishwa. Anayefanya hivyo anatengeneza dawa ya kunolea visu, kisha anaipaka mahali asipotaka pakatike.

Waendesha baiskeli wa miaka ya 1880 na 1890 hawakuhitaji kufafanuliwa hayo. Barabara zao hazikuwa na lami. Zilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na kila hatua chache palikuwa na samadi ya farasi. Walipigana na uchafu huo kwa njia zote. Wapo waliochemsha cheni katika shahamu iliyochanganywa na unga wa grafaiti, wakaiacha ipoe na kuifuta nje, ili ndani ya bushi mjae kitu kikavu kisichonasa vumbi. Wanaouza nta ya moto ya cheni leo kama uvumbuzi wangefaa kuwakumbuka wazee hao. Wapo pia waliotaka kuachana na cheni kabisa. Huko Ufaransa iliuzwa baiskeli iliyoitwa Acatène, maana yake isiyo na cheni, na mwaka 1898 kampuni ya Albert Pope huko Hartford, Marekani, ilikuwa ikiiuza Columbia yake yenye shafti na gia za pembe ndani ya bomba lililofungwa. Ilikuwa safi na nzuri kutazama, lakini ilikuwa nzito na ghali, na sehemu ya nguvu za mguu ilipotelea njiani kwenye zile gia za pembe. Ikafifia baada ya miaka michache. Mwaka 1896 palikuwa hata na Mwingereza mmoja, William Spears Simpson, aliyedai cheni yake ya umbo la pembetatu inaongeza nguvu. Sheria za fizikia zilikataa, ingawa cheni yenyewe ilipata bahati ya kuchorewa tangazo na mchoraji Toulouse-Lautrec, na tangazo hilo linathaminiwa leo kuliko cheni zote za Simpson zikiwekwa pamoja.

Walioshinda ni wale walioiacha cheni ya Renold jinsi ilivyo na kuijengea nyumba. Harrison Carter alibuni kava lililofungwa pande zote, lenye mafuta kidogo chini, ambamo cheni ilipita ikijichovya kila mzunguko. Aliyelipatia jina ni John Marston wa Wolverhampton. Marston hakuanza na baiskeli. Alikuwa mwenye kiwanda cha vyombo vya bati vilivyopakwa varnishi nyeusi ya kung'aa, trei, masanduku na mfano wa hayo, na alipoingia kwenye baiskeli mwaka 1887 kwa jina la Sunbeam alikuja na mafundi wanaojua kukunja bati nyembamba na kuliziba lisivuje. Hodhi lake dogo la mafuta likawa ndiyo sifa ya Sunbeam, na baiskeli hizo zikasifika kwa kudumu kuliko za wenzake, ingawa bei yake ilikuwa ya watu wenye nafasi. Napenda kuona hapa jinsi tatizo la uhandisi lilivyotatuliwa na ufundi wa trei za chai. Huko Uholanzi, ambako baiskeli ilikuwa ya kila mtu, walifika mahali palepale kwa njia rahisi zaidi: kava jepesi, mara nyingi la kitambaa kilichopakwa laki na kuwambwa kwenye fremu ya waya, lililoifunika cheni yote. Mtu atasema kava la Kiholanzi lilikuwa la kulinda suruali na sketi na si la kulinda cheni. Huenda ndivyo mnunuzi alivyoliona. Lakini mchanga hauulizi nia ya aliyefunga mlango. Ukifungwa nje, umefungwa nje. Na hodhi la Carter, lenye mafuta yake chini, haliwezi kuelezwa kwa habari za suruali hata kidogo.

Basi kwa nini likavuliwa? Jibu fupi ni gea, lakini jibu hilo lahitaji kupanuliwa, kwa sababu gea zenyewe hazikulazimisha jambo hilo. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Sturmey-Archer huko Nottingham ilianza kuuza habu, yaani kitovu cha gurudumu, yenye gea tatu ndani yake, na cheni iliendelea kwenda mstari mmoja, mbele na nyuma, kana kwamba hakuna kilichobadilika. Gea na kava viliishi nyumba moja kwa amani. Ugomvi ulianza na gea za nje, zile ambazo mkono mdogo wa chuma unaisukuma cheni ubavuni iruke kutoka spoketi moja hadi nyingine. Cheni inayoyumba kushoto na kulia haiwezi kuvalishwa bati linaloibana. Watembezi wa milimani Ufaransa walizipenda gea hizi mapema, kwa kuwa ni nyepesi na zinatoa nafasi kubwa kati ya gea ya kupandia na ya kushukia. Waandaaji wa Tour de France walizikataa hadi mwaka 1937. Baada ya hapo mashindano yakawa ndiyo kioo ambacho watu wote walijitazamia. Baiskeli ya mwanariadha, ambayo fundi wa timu huisafisha kila jioni na kuitupia cheni mpya bila kuhesabu gharama, ikawa mfano wa baiskeli ya karani anayekwenda ofisini kwenye mvua. Miaka ya 1970 Wamarekani walizinunua za gea kumi kwa mamilioni. Miaka ya 1980 zikafuata za milimani, na hapo cheni isiyo na kava ikapelekwa kwa makusudi kwenye tope. Spoketi za nyuma zikaongezeka kutoka tano hadi sita, saba, na leo kumi na mbili. Nafasi ya kuzipanga haikuongezeka kwa kiasi hicho, kwa hiyo cheni ikakondeshwa: upana wa ndani ulioanza na milimita 3.2 kwenye baiskeli ya gea moja ukashuka hadi kama 2.2. Kila ilipokondeshwa, upana wa mahali pini inapokaa, ule ambao Renold aliupigania, ukamegwa.

Pana jambo moja linaloipinga simulizi hii, na halifai kufichwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Kifaransa ya Sedis iliiondoa bushi yenyewe. Badala ya kijibomba kizima, mabamba ya ndani yalikunjwa kidogo kwenye tundu ili yafanye nusu bushi kila upande. Kwa mantiki ya mwaka 1880 ulikuwa ukorofi, kwa kuwa eneo la kubeba mzigo lilipungua. Lakini cheni hiyo ilidumu vizuri, na leo karibu cheni zote za gea za nje zimejengwa hivyo. Sababu inayotajwa ni kwamba mwanya kati ya nusu mbili unayaacha mafuta yafike ndani, na uchafu nao unapata njia ya kutokea. Kama wembamba na nguvu vingekuwa ndiyo habari yote, Sedis ingeshindwa wiki ya kwanza. Haikushindwa, na kwangu huo ni ushahidi kwamba kinachoingia na kutoka kati ya pini na bushi kina uzito kuliko milimita za chuma zilizopo.

Kwetu Afrika Mashariki kava lilikaa muda mrefu zaidi. Baiskeli nzito za Kiingereza, kisha Hero za India na Phoenix za China, zilikuja na kava, zima au nusu, na ndizo zilizobeba abiria wa mpakani Busia tangu miaka ya 1960, zikaipa lugha neno bodaboda, na ndizo zilizobeba mkungu wa ndizi, gunia la mkaa na mtu juu yake. Kwa mzigo wa namna ile, nusu ya ubishi kuhusu nguvu za mota unaonekana mdogo. Lakini nako kava lilivuliwa, kwa sababu nyingine: linagonga, linapinda, linamchelewesha fundi wakati wa kutoa gurudumu, na baada ya kutolewa mara ya tatu halirudishwi. Mahali pake pakaja oili chafu ya gari kwenye kopo, ambayo tayari ina vumbi la chuma la injini ya mtu mwingine.

Mota ya aina tunayoizungumzia ilianzia Japani. Mwaka 1993 Yamaha walitoa baiskeli yao ya PAS, yenye kifaa kinachopima nguvu ya mguu kwenye pedali na kuongeza ya umeme kwa kipimo hicho. Ulaya ilichelewa, mpaka Bosch wa Ujerumani walipoingia mwaka 2011 na mota ya katikati, inayokaa palepale pedali zilipo. Uamuzi wa kuiweka hapo ndio unaoihusu cheni. Mota iliyo ndani ya habu ya gurudumu hulisukuma gurudumu lenyewe na cheni haijui kama ipo. Ya katikati hupitisha kila wati kwenye cheni ileile inayobeba mguu. Na cheni iliyoikuta ni ile nyembamba, ya wazi, ya gea za nje, iliyorithiwa kutoka kwenye mashindano.

Hapa mwenye kuilaumu mota atasema: umeshakiri. Tupige hesabu basi. Mota yenye nguvu katika kundi hili hutoa mkazo wa kuzungusha wa newtonmita 85. Kwenye spoketi ya mbele ya meno 38 hiyo ni sawa na kuivuta cheni kwa uzito wa kama kilo 113. Ni nyingi. Lakini mtu wa kilo 75 akisimama kwa uzito wake wote kwenye pedali yenye mkono wa milimita 170 anatoa newtonmita 125, na cheni inavutwa kwa uzito wa kama kilo 166. Kwa maneno mengine, kila mwanamume aliyewahi kusimama kwenye pedali akipanda mlima, tangu siku za Starley, aliitesa cheni kuliko mota inavyoitesa ikiwa peke yake. Haikukatika. Ni kweli pia kwamba mguu hufikia kilele hicho kwa kitambo tu, mara mbili kila mzunguko, halafu huchoka. Mota haichoki, na huja juu ya mguu, si badala yake. Kwa hiyo mzigo wa wastani umeongezeka mara mbili, mara tatu, kwa anayependa msaada mkubwa hata zaidi. Hilo silipingi. Ninachopinga ni kuishia hapo.

Mwaka 1953 Mwingereza John Archard aliandika kanuni ambayo wahandisi wa uchakavu huanzia nayo mpaka leo: chuma kinacholika kinalingana na mzigo ukizidishwa kwa umbali wa kusuguana, vikigawanywa kwa ugumu wa chuma, kisha kuna kizidishio kinachotegemea kilicho katikati ya nyuso mbili. Neno la kuangalia ni kuzidisha. Mota inaweza kuuongeza mzigo mara mbili au tatu. Kizidishio kile, kati ya nyuso safi zenye mafuta na nyuso zenye chembe ngumu, kinaweza kutofautiana mara mamia. Kwa hiyo mota huuzidisha mchanga, na pasipo mchanga haina kikubwa cha kuzidisha. Mota si mwizi, bali inamshikia mwizi ngazi. Umbali nao una lake. Kiungo kinapoingia kwenye spoketi ya meno 11 hujipinda nyuzi karibu 33, na kwenye ya meno 22 nusu ya hapo. Tena kwa mwendo na nguvu zilezile, spoketi ndogo huikaza cheni mara mbili ya kubwa. Anayepanda baiskeli ya umeme akiwa kwenye spoketi ndogo kuliko zote, kwa kuwa mota inamruhusu kuwa mvivu wa kubadilisha gea, analipa mara nne kila kiungo kinapojipinda. Hata watengenezaji walijikwaa hapa: mwaka 2014 Bosch walileta mota yenye spoketi ndogo mbele, inayozunguka mara mbili na nusu kwa kila mzunguko wa pedali, na mwaka 2019 mota yao mpya ya milimani ikaliacha umbo hilo na kurudi kwenye spoketi ya ukubwa wa kawaida.

Ushahidi wa maabara unaelekea upande uleule. Mwaka 1999 James Spicer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walipima nguvu inayopotea kwenye cheni. Walipata kwamba katika hali nzuri cheni hufikisha asilimia 98.6 ya kinachoingia, kwamba spoketi kubwa ni bora kuliko ndogo, na kwamba cheni iliyokazwa zaidi ilipoteza sehemu ndogo zaidi, si kubwa. La kushangaza ni mafuta: aina moja au nyingine, au kuyaondoa, hakukuleta tofauti ya kueleweka. Spicer aliona kwamba kazi ya mafuta, kwa kadiri walivyoweza kujua, ni kujaza nafasi ili uchafu usiingie. Kipimo hicho kilikuwa cha upotevu wa nguvu na si cha uchakavu, kwa hiyo haifai kukitwisha kisichobeba. Hata hivyo, katika chumba kisicho na vumbi mafuta yalikosa kazi, na hiyo inatosha kutuonyesha adui yao ni nani. Ushahidi wa mtaani uko Uholanzi. Huko baiskeli ya umeme ya mjini mara nyingi ina mota ya katikati ya kampuni zilezile, yenye newtonmita za kutosha, lakini gea zimo ndani ya habu na cheni imo ndani ya kava lililofungwa. Hiyo si cheni inayorudishwa karakana kila msimu. Mota haikubadilika, na mvua ya Uholanzi haijulikani kwa uchache.

Yabaki mapingamizi mawili yenye uzito. La kwanza ni mkanda: badala ya cheni, ufungwe mkanda wa meno wenye nyuzi za kaboni, kama ule ambao Gates wamekuwa wakiuza kwa ajili ya baiskeli tangu mwaka 2007. Hautaki mafuta, hauchafui, unadumu. Ni kweli. Lakini tazama unachotoa ili uupate. Lazima uache gea za nje, kwa kuwa mkanda hauruki kutoka spoketi hadi spoketi. Lazima fremu iweze kufunguliwa ubavuni, kwa kuwa mkanda hauna pini ya kutoa. Na lazima ulipe. Aliyekwisha kukubali kuacha gea za nje angeweza kuwa na cheni iliyofungwa ndani ya kava kwa bei ya bati tangu enzi za Sturmey-Archer. La pili ni la fundi: kava ni kero. Pancha ya gurudumu la nyuma inakuwa shughuli ya nusu saa, na kinachofichwa hakikaguliwi, mpaka siku cheni imekauka na kutu humo ndani bila mwenyewe kujua. Pingamizi hili ni la haki, na silijibu ila kwa hesabu: pancha huja mara chache kwa mwaka, mchanga huja kila siku. Anayetaka gea kumi na mbili za kupandia milima azichukue, na ajue amenunua kitu cha kusafishwa kila wiki. Kosa ni kumuuzia kitu hicho mtu wa mjini anayetaka kufika kazini, kisha kumwambia kwamba mota ndiyo iliyomlia cheni.

Kwa ambaye cheni yake iko wazi tayari, kipimo ni rula ya chuma ya inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja, ikaze cheni, uhesabu viungo 24. Pini ya mwisho ikiwa juu ya inchi 12 kamili, milimita 304.8, cheni ni nzima. Ikiwa imevuka alama kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, itoe leo. Ikiwa imevuka kwa sehemu moja ya nane, usinunue cheni peke yake.